Mashua ya Nusu Mita

 Ukishuka ufukweni Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga au Lindi mjini maji yakiwa yametoka, utakuta vyombo vimelala ubavu mchangani, na mara nyingi utasikia nyundo ya fundi anayetia kalafati. Hayo tumeyazoea. Leo nataka kuzungumzia vyombo vya namna hiyohiyo, vyenye mkuku, mataruma, mbao na tanga, ila urefu wake ni nusu mita. Vyombo vya mfano. Watu wengi wakivisikia hufikiria mchezo wa watoto, au pambo la kuuziwa mgeni anayesubiri boti ya kwenda Kilwa Kisiwani. Mimi naviona kuwa ni ufundi kamili wa watu wazima, na ninachokiamini nakisema mapema: pwani yetu ya kusini ivijenge vyombo hivi sasa, tena kwa kubandika ubao mmoja mmoja kama inavyojengwa mashua ya kweli, kwa kuwa ndivyo ufundi wa Kilwa utakavyowekwa mahali ambapo mtu asiyezaliwa bado ataweza kuusoma.

Fundi wa jahazi wa pwani hii hatumii mchoro wa karatasi. Anapima kwa shubiri, kwa dhiraa, kwa kamba, na zaidi ya yote kwa jicho. Anaulaza mkuku juu ya magogo, anasimamisha fashini ya mbele na ya nyuma, halafu anarudi nyuma hatua chache na kutazama. Umbo la chombo kizima liko kichwani mwake kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Kijana anayejifunza kwake haambiwi sana. Anashika ncha ya ubao, anaona, anakosolewa, na baada ya miaka mingi naye analipata lile jicho. Ni elimu nzuri na imedumu karne nyingi, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: inahitaji mtu wa kupokea. Siku vijana wanapoacha kuja bandani, hakuna daftari la kufungua.

Mafundi wa nchi nyingine walikuwa na hali kama yetu, wakaitafutia njia. Katika bandari za mashariki ya Marekani, tangu mwisho wa karne ya 18, mjenzi wa meli alichonga kwanza nusu ya chombo, ubavu mmoja tu, kwa vipande vya mbao vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwenye mali alikuja, akapapasa, akasema hapa punguza, hapa ongeza. Wakikubaliana, tabaka zile zilifumuliwa, kila moja ikapimwa, na vipimo vikakuzwa hadi ukubwa wa meli. Kile kibao kidogo ndicho kilichokuwa mchoro, na baadhi ya vibao hivyo bado vimetundikwa ukutani ilhali meli zenyewe zilikwisha kuoza zamani.

Sisi tunao ushahidi wa kwetu, tena unaouma. Nauzungumzia mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mbao zake zilitobolewa matundu pembezoni, zikaunganishwa kwa kamba ya usumba bila msumari, na tanga lake la mraba lilikuwa la kusukwa kama mkeka. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinavitaja vyombo vya kushona katika pwani hii yetu. Watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 nao waliandika kwamba wameona vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba. Ufundi wa kushona, basi, uliishi hapa zaidi ya miaka 1,400 kwa ushahidi wa maandishi peke yake. Ukaja kufa ndani ya umri wa mtu mmoja. Wabajuni wa visiwa vya Lamu ndio waliobaki wakiijenga mitepe, na ilipofika katikati ya karne ya 20 hapakuwa na mtepe hata mmoja baharini. Haukuhifadhiwa hata mmoja mzima.

Tunajuaje basi ulivyokuwa? Kwa picha chache. Kwa maandishi ya watu kama James Hornell, aliyeandika kuuhusu mwaka 1941, na A. H. J. Prins baada yake. Na kwa mitepe midogo, ile iliyotengenezwa na mikono ya watu waliokuwa wanaijua mikubwa, ambayo leo imo katika makumbusho ya Lamu, Mombasa na Uingereza. Mtepe mdogo unakuonyesha shingo ya omo ilivyopanda, ile ambayo Wabajuni husema ni shingo ya ngamia wa Mtume, na unakuonyesha mishono ilivyokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zanzibar ilijengwa nakala kubwa ya mtepe, ikawekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka na watu wakafa. Nikilikumbuka jambo hilo huwa najiambia kwamba nakala moja kubwa katika jumba moja ni amana iliyowekwa kwenye kapu moja. Vyombo vidogo ishirini, vilivyotawanyika katika shule, misikiti, ofisi za halmashauri na nyumba za watu, haviwezi kupotea vyote siku moja.

Kilwa yenyewe ina kumbukumbu ya vyombo ambayo wengi hupita mbele yake bila kuitazama. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, na katika magofu ya Songo Mnara, kuna vyombo vilivyochorwa kwa kukwaruzwa kwenye lipu ya kuta. Peter na Margaret Garlake waliikusanya michoro kama hiyo ya pwani ya Afrika Mashariki na kuichapisha mwaka 1964. Kuna milingoti, kuna matanga, kuna kamba. Aliyechora alikuwa anavijua vyombo, hilo huwezi kulitilia shaka. Lakini mchoro wa ubavuni una mwisho wake. Haukuambii tumbo la chombo lilikuwa pana kiasi gani, mbao zilikutana vipi kwenye fashini, wala taruma liliingizwa kabla ya ubao au baada yake. UNESCO iliyaweka magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta zimepata watetezi, nami nafurahi. Vyombo vilivyoleta utajiri uliojenga kuta hizo bado havijapata.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kubandika mbao, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo penye elimu yenyewe.

Vyombo vingi vidogo vinavyouzwa pwani vimechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, vikakatwa nje, vikachimbwa ndani kidogo, vikapakwa rangi. Kwa mtumbwi na kwa ngalawa hilo ni sawa kabisa, kwa kuwa ngalawa ya kweli nayo ni gogo, aghalabu la mwembe, lililochongwa kwa shoka na tezo kisha likafungiwa matengo. Ukichonga ngalawa ndogo umefuata njia ileile ya kubwa. Lakini mashua au jahazi la kuchongwa kutoka gogo halina siri yoyote ndani yake. Ni sura tu. Anayelishika hajui mbao ngapi zinapanda kutoka mkukuni hadi juu, wala hajui kwa nini.

Chukua mashua ya mita 10, uijenge kwa skeli ya 1 kwa 20. Urefu unakuwa sentimita 50. Ubao wa unene wa sentimita 4 unakuwa milimita 2, na ubao wa upana wa sentimita 20 unakuwa sentimita 1. Hadi hapo ni hesabu ya shule ya msingi. Unalaza mkuku, unasimamisha fashini mbili, unakata mataruma machache ya kukuongoza na kuyasimamisha wima, kisha unachukua ukanda wa karatasi na kupima kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, ukifuata tumbo la chombo. Tuseme katikati umepata sentimita 14. Mbao 14 za sentimita moja moja zitaenea vizuri. Sasa sogeza karatasi yako mbele, karibu na omo. Pale unapata sentimita 8 na milimita 4 tu. Mbao ni zilezile 14. Ina maana kila ubao, unapofika omo, uwe umepungua hadi milimita 6.

Hilo ndilo fumbo la chombo chochote cha mbao duniani. Tumbo ni pana na ncha ni nyembamba, na mbao zote lazima zifike. Anayeanza kazi hii bila kulijua hubandika ukanda wa kwanza ulionyooka, upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha wa pili, wa tatu, na kufikia wa tano anaona mbao zinapanda juu kwenye omo kama zinataka kuruka. Anazivuta kwa nguvu, na ubao unakatika au unainuka ukingo. Ubao una tabia yake: ukiupinda kwa ubapa unakubali, ukiupinda kwa ukingo unakataa. Kwa hiyo upunguzwe kwa randa kabla ya kubandikwa. Wakati mwingine, kwenye tezi ambako nafasi inapanuka, unaingizwa ubao mfupi wenye ncha katikati ya mbao mbili ili kuziba pengo. Tazama mashua yoyote kuukuu iliyotolewa rangi, utaiona mistari hiyo ikikusimulia fundi alivyofikiri.

Ubao uliokauka haupindi upendavyo. Ufukweni ubao mnene hulowekwa, hupashwa moto na kukandamizwa taratibu hadi ukubali. Mezani, ubao wa milimita 2 unautia katika maji ya moto, unausubiri ulainike, unaukunja juu ya chupa au bomba lenye joto na kuufunga hapo hadi ukauke ukiwa umeshika umbo. Samaki mkunje angali mbichi, na ubao uukunje ungali umelowa. Kisha unabandika mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa zamu. Hili silisisitizi bure. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mbao zitavuta mkuku, na chombo kitapinda kabla hujaanza upande wa pili, na hakuna randa itakayokinyoosha tena.

Ufukweni fundi hutoboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari ili ubao usipasuke, na chini ya kichwa cha msumari huzungusha pamba iliyolowa mafuta maji yasipenye. Katika chombo kidogo msumari wa chuma ni mnene mno. Vijiti vya mshikaki vilivyochongwa hadi kuwa vyembamba kama sindano hufanya kazi nzuri, pamoja na gundi ya mbao. Vibanio vya nguo vinashikilia ubao hadi gundi ikamate. Kalafati ni uzi wa pamba unaoshindiliwa kwenye maungio kwa ncha butu. Chini, mahali ambapo jahazi hupakwa shahamu na chokaa, unapaka mchanganyiko uleule. Tanga likatwe kwenye kitambaa cha pamba chembamba, kwa kuwa maradufu ya kweli yangekaa kama bati. Mambo hayo madogo yana thamani kubwa: aliyejenga hivi mara moja anajua kazi ya kila kitu, na anajua kwa mikono yake.

Mbao za kutosha tunazo. Kilwa ni nchi ya mpingo na mkongo, na vijiji vyake vimeonyesha mfano ambao dunia iliuona. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha kuvuna kwa utaratibu endelevu, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa Masoko, na cheti hicho kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii. Jahazi moja linahitaji miti mikubwa kadhaa. Mashua ya nusu mita inahitaji mabaki ya karakana ya seremala. Msaji wenye nyuzi zilizonyooka unafaa kwa mbao. Mpera na mlimau, kwa kuwa nyuzi zake ni laini, zinafaa kwa mataruma, hasa ukipata tawi lililopinda lenyewe, kama vile fundi wa jahazi anavyotafuta msituni mti uliopindwa na Mungu. Mpingo ni mzito, unazama majini, hivyo usiutie ubavuni, ila kwa kapi za kupandishia tanga hauna mpinzani.

Watoto wetu nao wana jambo la kutufundisha. Ile mashua ya 1 kwa 20 ukiitia majini na tanga lake sawasawa, itapinduka. Sababu ni hesabu. Urefu umepungua mara 20. Eneo la tanga limepungua 20 mara 20, yaani mara 400. Uzito umepungua 20 mara 20 mara 20, yaani mara 8,000. Chombo cha tani 8 kimekuwa cha kilo moja. Kusi haijapungua hata kidogo. Inavuma ileile juu ya tanga ambalo limebaki kubwa mno kwa uzito uliopo chini yake. Watoto wa pwani hawakuandika hesabu hiyo, lakini jibu lake wanalo. Vyombo wanavyoshindanisha kwenye maji ya kina kifupi, vya karara la mnazi au vya mti mwepesi, huwa ngalawa, na matengo yake huyatanua kuliko ya ngalawa kubwa. Wamejaribu, wamepinduka, wamerekebisha. Anayetaka mashua yake ndogo ielee na kwenda afuate njia hiyo au afunge risasi chini ya mkuku, na anayetaka iwe kumbukumbu ya vipimo aache ilivyo, akae nayo nchi kavu.

Mtu anaweza kuniuliza, kwa nini haraka? Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu barabara ilipokamilika mzigo mwingi wa kusini ambao zamani ungepanda jahazi unapanda lori. Ni neema, na hakuna anayetaka kurudi nyakati ambazo mgonjwa alikwama siku kadhaa masika yakikata njia. Boti za faiba zinaongezeka. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na bandari ya namna hiyo inataka boti kubwa zenye mashine na barafu. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Lakini nauona mpangilio uleule uliouondoa mtepe: kwanza kazi ya chombo inahamia kwingine, kisha wanafunzi wa fundi wanahama, kisha fundi anabaki anakarabati vya zamani tu, kisha kimya.

Wenzetu wa Oman wametuonyesha gharama ya kusubiri. Walipotaka kujenga upya chombo cha kushona cha karne ya 9, walikuwa na mabaki tu yaliyopatikana chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Katika mabaki hayo palikutwa mbao za Kiafrika, za jamii moja na mkongo wetu. Ilibidi wakusanye wataalamu wa nchi mbalimbali, wajenge kwanza vyombo vidogo vya majaribio, walete mbao kutoka Ghana, ndipo wakapata chombo cha mita 18 kilichoitwa Jewel of Muscat, kilichotweka mwaka 2010 hadi Singapore. Kazi ya kuheshimiwa kabisa. Kilwa haihitaji kupita huko kote, kwa sababu walimu wetu bado wako hai, wameketi chini ya mikungu ufukweni.

Ningependa, basi, kazi hii ianzie kwenye banda la fundi kabla ya kufika darasani. Vijana wawili wa sekondari, mmoja mwenye rula na daftari, mmoja mwenye kamba, wakae na fundi anayejenga au kukarabati mashua, kwa ruhusa yake na kwa malipo ya muda wake. Wapime kila taruma. Wahesabu mbao kutoka mkuku hadi juu, wapime upana wake omo, katikati na tezi. Wamuulize kila kipande kinaitwaje kwake, maana fundi wa Kivinje na fundi wa Lindi hawatamki yote sawa, na tofauti hiyo nayo iandikwe. Chuo cha uvuvi kina kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo na nyingine Mikindani, kusini ya Lindi. Vyuo vya ufundi vina walimu wa useremala wanaojua kushika randa. Wajengewe vijana meza ya kazi, wasimamiwe na fundi mwenyewe, yeye ndiye awe mtahini. Akisema omo imekaa vibaya, wabandue waanze tena.

Na mwalimu wa Kiswahili aazime chombo hicho siku anayofundisha methali. Wanafunzi wote wanajua kusema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi hawajawahi kutia mkono ngamani.

Kama utaanza wewe mwenyewe nyumbani, usianze na jahazi. Anza na mashua ndogo, nusu mita, mbao 14 kila upande. Upande mmoja, karibu na tezi, acha mbao tatu za juu bila kubandikwa, ili anayetazama aone mataruma na darumeti ndani. Na kabla hujafunga ubao wa mwisho, andika kwa wino ndani ya mkuku jina la fundi aliyekufundisha, jina la chombo ulichokipima, ufukwe kilipokuwa na mwaka.